Kadi moja, simu nne

SWALI

Asalamu alaykum, Bi Mshauri.

Nakuandikia kutoka Shela, usiku, kwa kuwa mchana sipati pembe ya kukaa nikaandika bila mtu kuniuliza naandika nini.

Marehemu baba alituachia nyumba, na kwa miaka sita sasa tumeifanya nyumba ya wageni, vyumba vitano na dari ya makuti juu. Tumezaliwa watatu. Dada yangu mkubwa ameolewa Mombasa. Mdogo wetu wa kiume ana mashua ya injini, huwapeleka wageni Manda na Matondoni, na bahari ikiwa shwari hufika nao hadi Kiwayu. Mama tunaye hapa nyumbani. Ni mtu mzima, miguu haimtii tena, na kuna mama mmoja wa mtaani anayemwangalia tangu alfajiri hadi isha. Tumemzoea hata hatumwiti mfanyakazi. Akaunti ya benki ya nyumba iko kwa jina langu, na kadi yake ni moja.

Kaskazi iliyopita wageni walikuja wengi. Kila saa simu: mara mdogo wangu anataka kuagiza pampu ya maji ya injini kutoka ng'ambo, mara binti wa dada, anayesoma chuo Mombasa na ndiye anayetutengenezea matangazo, anataka kulipia tangazo, mara yule mama anataka nepi za watu wazima na dawa ya kuchua miguu kutoka duka la dawa la Mombasa linalouza kwa mtandao. Mimi niko jikoni, au nimetoka kwenda Amu mjini kufuata samaki. Nikachoka. Nikaipiga kadi picha, mbele na nyuma, nikawatumia wote watatu kwa WhatsApp. Ikawa raha, Bi Mshauri, sitasema uongo. Miezi mingi ikapita hakuna aliyenipigia kuniomba namba.

Mwisho wa Julai nikaomba taarifa ya akaunti, kwa sababu pesa nilizoziweka za kupaka chokaa hazikutosha. Nimekunakilia yale yaliyonikosesha usingizi:

Tarehe 9 Mei, shilingi 2,301.
Tarehe 9 Juni, shilingi 2,296.
Tarehe 9 Julai, shilingi 2,304.
Tarehe 22 Julai, saa nane na dakika kumi usiku, shilingi 18,760.

Majina ya waliolipwa yameandikwa kwa mkato, herufi na nyota. La yale matatu ya mwanzo nimeambiwa ni la programu ya kutengenezea picha, na anayetutengenezea picha ni mmoja tu, binti wa dada. La nne hakuna aliyelijua, nami nikalitia humo humo. Nilimpigia mtoto yule nikamwambia maneno ambayo halati hamwambii mwana wa dada yake. Alilia. Dada akachukua simu, akaniambia nimkome mwanawe. Wiki ya pili tulikuwa na arusi Langoni. Dada alikuja kutoka Mombasa, akanipa mkono kama anavyompa mgeni, akaenda kukaa jamvi la upande wa pili.

Sasa kuna mgeni wetu mmoja, Mmarekani, alinionesha kwenye simu yake kitu anachokiita kadi pepe. Anazo kumi na moja, kila moja na namba yake, na kila moja ameipa jina: ya umeme, ya binti yake, ya filamu. Akigusa mahali, kadi inalala. Akigusa tena, inaamka. Nimevutiwa. Lakini nilipomgusia mdogo wangu kwamba nataka kumpa namba yake mwenyewe yenye kikomo, alinijibu, "Ukinifunga kamba kama mbuzi, mashua utaiendesha mwenyewe." Na mama kasema ndugu hawahesabiani.

Naomba unieleze. Kadi hizi zatufaa sisi wa huku, ambako hata muuza mkate wa mofa analipwa kwa M-PESA? Na nikiwawekea watu wangu kikomo, si ndiyo nimesema siwaamini?

Dada wa Shela

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, piga simu benki uizuie kadi hiyo. Usingoje kesho. Kadi ambayo sura zake zote mbili zimekaa kwenye simu nne ni mlango usio na komeo. Ukiwapata, waambie pia unayapinga malipo ya tarehe 22 Julai na uulize fomu ya kupinga inapatikanaje, kwa sababu malipo ya kadi yana muda wa kupingwa, na kila siku unayokaa inaula muda huo. Andika jina la aliyekupokea na namba ya lalamiko lako. Halafu rudi tuendelee.

Nimeyarudia malipo yako mara nyingi. Yatazame yale matatu ya mwanzo. Tarehe ni tisa, tisa, tisa. Kiasi ni kile kile, kimepanda na kushuka kwa shilingi chache. Mwizi haibi kwa kalenda, mwanangu. Mahali fulani kuna bei iliyoandikwa kwa dola, ikaongezwa kodi, na kila mwezi inageuzwa kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo. Ndiyo maana Juni imepungua shilingi tano kwa Mei. Huo ni usajili wa kulipia kila mwezi, na kwa nilivyoyaona mengi ya namna hii, ulianza kwa majaribio ya bure. Programu inakupa siku kadhaa bila malipo, lakini inataka namba ya kadi kwanza. Siku zikiisha nawe hujajitoa, inaanza kukata, na itakata mpaka mtu aizuie.

Binti wa dada yako alikuwa anatengeneza tangazo la nyumba yako. Aliweka namba uliyompa wewe, kwa kazi uliyomtuma wewe, akasahau kujitoa. Kusahau ni kosa, na limewagharimu shilingi 6,901. Lakini neno ulilomwambia ni la mtu aliyetia mkono kwenye mkoba wa halati yake, na hilo hakulifanya.

Malipo ya nne ni habari nyingine. Saa nane usiku, kiasi kikubwa, mara moja, jina geni. Sasa fikiri namba yako ilipita wapi. Iliandikwa kwenye duka la pampu la ng'ambo ambalo hamlijui. Iliandikwa duka la dawa. Iliandikwa kwenye programu ya picha na mahali pa kulipia matangazo. Picha yake ilikaa WhatsApp, na simu nyingi huzipandisha picha mtandaoni zenyewe bila kuuliza. Ikiwa mmoja wenu alipeleka simu kwa fundi kubadili kioo, fundi naye aliishika. Imevujia wapi? Mimi siwezi kukwambia, na yumkini hata benki isiweze. Hapo ndipo donda lako lilipo. Namba moja ikikaa mikononi mwa watu wanne, siku ikivuja hupati jibu, unapata washukiwa, na washukiwa wako wote ni watu unaokula nao sinia moja.

Kwa hiyo sitakuuzia kadi pepe kwa sababu inazuia matumizi. Nakushauri uitumie kwa sababu kila kazi ikiwa na namba yake, namba yenyewe inakujibu kabla hujamuuliza mtu. Kama zile 18,760 zingekatwa kwenye namba iliyotumika duka la pampu peke yake, ungejua usiku ule ule kwamba duka lile ndiko ilikotokea, na mtoto wa watu asingelia.

Kadi pepe ni namba ya tarakimu 16, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za usalama, kama kadi nyingi, ila haina plastiki. Nyuma yake iko akaunti yako au kadi yako halisi. Muuzaji anaiona ile ya pepe tu. Ya kweli haimfikii. Unachoweza kuiamuru kinategemea nani amekupa. Nyingine zinakubali kikomo cha mwezi au cha kila malipo. Nyingine hulipa mara moja zikafa. Ziko ambazo zikishalipa duka moja hufungwa kwa duka hilo, na mwingine yeyote akiijaribu namba hiyo inakataa. Mgeni wako wa Marekani yamkini anatumia huduma kama Privacy.com, ambayo ni ya wakazi wa kwao. Walioko Uingereza nao wana Revolut, yenye kadi pepe inayobadili namba kila ikishatumika. Hizo zinakaa kwa wenyewe, usihangaike kuzitafuta Shela.

Ila nataka ujue kwamba kazi yako mwenyewe inakutana na kadi hizi. Booking.com na Expedia huwa na utaratibu wa kumlipa mwenye nyumba kwa namba ya kadi pepe. Namba hiyo imetiwa kiasi kile tu unachostahili kulipwa, haikubali kukatwa kabla ya siku iliyowekwa, na ukijaribu kukata zaidi inakataa. Sijamsikia mwenye hoteli aliyeona ametukanwa kwa hilo. Ni namna watu wawili wanaofanya kazi pamoja wanavyopeana pesa ya kazi maalumu. Maneno hayo yaweke karibu, utayahitaji ukikaa na mdogo wako.

Kwetu Kenya, iliyo karibu nawe kuliko zote ni M-PESA GlobalPay, kadi pepe ya Visa ambayo Safaricom iliianzisha mwezi wa Juni 2022. Unaifungua kwenye programu ya M-PESA au kwa kupiga *334#, na inakata kwenye salio lako la M-PESA. Tarakimu zake tatu za usalama hazidumu: unaziomba unapotaka kulipa, na baada ya muda mfupi zinaisha nguvu. Baadhi ya benki pia zina kadi pepe, au kadi za kutiwa pesa kwanza ndipo zitumike. Uliza benki yako, na usiridhike na jibu la "tunazo". Uliza unaweza kufungua ngapi, kila moja inaweza kuwekewa kikomo chake, na kama unaweza kuilaza mwenyewe kwa simu bila kwenda tawini.

Ukiona benki haina, fanya hivi, nami mwenyewe ndivyo nilivyofanya kabla mambo hayajawa mepesi. Sajili laini ya pili kwa jina lako, fungua GlobalPay kwenye laini hiyo, na uifanye ya manunuzi ya mtandaoni tu. Siku za kawaida salio lake liwe sifuri. Binti wa dada akisema tangazo ni shilingi 3,000, unatia 3,700, analipa, kwisha. Mwizi akiipata namba hiyo saa nane usiku, anakuta kisima kikavu. Kwenye laini hiyo usijiunge na Fuliza, ili isije ikakopa kwa niaba yako.

Umeona nimesema 3,700, sikusema 3,000. Hilo nililipata kwa uchungu. Mwanangu wa kiume alipokuwa anasoma, nilimpa kadi yenye kikomo cha shilingi 2,500 kwa kozi ya mtandaoni ya dola 18. Nilipiga hesabu ya dola vizuri sana, lakini nikasahau kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo kwetu ni asilimia 16 na hutozwa hata kwenye huduma za mtandaoni kutoka nje, na nikasahau benki nayo ina bei yake ya kubadilisha dola. Kadi ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Alinipigia na sauti ya mtu aliyeaibika mbele ya wenzake, akaniuliza, "Mama, umeifunga?" Sikuwa nimeifunga. Tangu hapo kikomo nakiweka juu ya bei kwa nafasi nzuri, na namwambia mtu mapema, "Ikikataa, ujue ni hesabu yangu, wala usidhani nimekushuku."

Sasa watu wako, maana kila mmoja ana haja yake.

Binti wa dada ndiye ambaye kadi pepe inamfaa hasa, kwa sababu kazi yake yote iko mtandaoni. Mpe namba yake ya matangazo, kikomo cha mwezi mkubaliane nyote wawili, na aijue siku kikomo hicho kinapoanza upya. Programu yoyote inayotaka kadi kwa ajili ya majaribio ya bure aitie namba isiyokuwa na pesa, au ya mara moja. Lakini mfundishe, nawe ujifunze, kwamba kuilaza kadi hakumtoi mtu kwenye usajili. Muuzaji ataona malipo yamekataa, wengine wataendelea kudai. Lazima aingie kwenye programu yenyewe, ajitoe, na atunze barua pepe ya kuthibitisha. Afanye hivyo kwa ile ya tarehe 9 leo leo. Kuzuia kadi ya zamani peke yake huenda kusitoshe, kwani Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya ya mteja kadi yake inapobadilishwa, na usajili wa zamani unaweza kuifuata kadi mpya mpaka nyumbani.

Mdogo wako nadhani hukumsikia vizuri. Alichokikataa ni kuwa mtoto. Mwanamume anayebeba dhamana ya roho za watu baharini, akaenda nao Kiwayu akarudi nao salama, kuomba ruhusa kwa dada yake kwa ajili ya pampu inamkata. Basi usianze kwa kumpa kikomo, anza kwa kumpa mamlaka. Kaeni mhesabu mashua inaingiza nini na inakula nini: mafuta, plagi, rangi, kijana wa kushika kamba. Sehemu mtakayokubaliana iende laini ya mashua, na laini hiyo aishike yeye. Mafuta yeye atayalipa kwa simu pale pale kituoni, kadi haihitajiki. Vipuri vya ng'ambo atie pesa kwenye kadi pepe ya laini hiyo anapoagiza. Kikomo kitakuwa kile mashua yenyewe inachobeba, na hapo dada mtu hayumo.

Kwa vipuri kuna jambo la kuangalia. Duka la ng'ambo likikosa mzigo, pesa hurudi kwenye namba ile ile iliyolipa. Ikiwa ameshaiua namba hiyo, pesa kwa kawaida hupatikana, lakini huzunguka, na atapiga simu nyingi. Namba ailaze tu akishalipa, asiifute mpaka pampu imefika mkononi na ameijaribu. Tiketi za ndege na vyumba vya hoteli ni hivyo hivyo, na hoteli nyingine hushikilia pesa ya dhamana juu ya bei ya chumba, basi kikomo kilichobana kitamwacha mtu mapokezini na mizigo yake.

Yule mama anayemwangalia mama yenu, huyo kadi usimpe kabisa, na nisikilize vizuri kwa nini. Simshuku. Ninayemhofia ni nyumba. Pesa zikipotea kwenye nyumba yenye ndugu na asiye ndugu, macho yote humgeukia asiye ndugu, hata kama kwa miaka amemwosha mama yenu kwa mikono yake. Safari hii bahati ilimpitia kando kwa sababu jina la programu lilimwelekea binti wa dada. Je, lingekuwa jina la duka la dawa? Ungemwambia nini, naye angeenda kusema wapi? Mtu kama huyo kumpa namba ya akaunti ya nyumba ni kumtwika mzigo ambao hakuuomba. Nepi na dawa ni vitu vya kila mwezi vinavyojulikana idadi yake. Agiza wewe, mwenyewe, siku moja ya mwezi. Vya ghafla, kama mahindi ya uji au dawa ya hapa hapa, anunue dukani na wewe ulipe kwa simu kwenye Lipa na M-PESA ya duka, au mwekee pesa kidogo ya nyumba kwenye M-PESA yake kila Jumatatu, na ujumbe wa M-PESA uwe ndio daftari lenu.

Umeniuliza kama kadi hizi zafaa mahali ambapo mkate wa mofa hulipwa kwa M-PESA. Zafaa kwa yale yaliyo nje ya kisiwa tu. Samaki, mpagazi mwenye punda, boti ya Mokowe, hayo yaache yalivyo.

Liko jambo ambalo watu hawalisemi wanaposifu kushirikiana kadi. Malipo mengi ya mtandaoni huleta namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha malipo kwa meseji, na meseji inakuja kwako. Kwa hiyo mtoto atakutumia ujumbe, "Halati, nitumie ile namba iliyoingia sasa hivi." Leo ni yeye. Kesho ni mtu aliyeiteka WhatsApp yake, anaandika kama yeye, anakuita halati kama yeye. Mkubaliane kwamba namba hiyo haitumwi kwa maandishi hata siku moja. Anapotaka kulipa, wewe unampigia kwa laini yake ya kawaida, unaisikia sauti yake, unamuuliza ananunua nini na kwa shilingi ngapi, unalinganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye meseji, ndipo unamtajia. Akikutumia maandishi tu, usijibu mpaka umempigia.

Na benki. Masharti ya kadi kwa kawaida husema kadi ni ya mwenye jina peke yake, na hata ya pepe ni hivyo. Ukimpa nduguyo namba akanunua kitu, benki inaweza kusema wewe ndiye uliyeidhinisha. Ikiwa benki yako inatoa kadi ya nyongeza yenye jina la mtu mwingine chini ya akaunti yako, hiyo ndiyo njia safi zaidi kwa yule unayemtuma kila siku. Kwa hizo 18,760, watakapokuuliza kama kuna mwingine aliyekuwa na namba, sema kweli, picha na yote. Huenda wakakataa kukurudishia kwa sababu hiyo. Itauma, lakini usiliongezee uongo, kwa kuwa ukibainika utakuwa umeidhoofisha kesi yako yote.

Limebaki la mama yenu, kwamba ndugu hawahesabiani. Mwambie kwa adabu, na umkalie chini unapomwambia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inawaambia walioamini waandike wanapokopeshana, na waweke mashahidi. Haikuwahusu maadui. Wazee wetu nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu iliyoandikwa ingekuwepo mwezi wa Mei, dada yako angekaa jamvi moja nawe kule Langoni.

Mdogo wako na binti wa dada waambie mpango huu wakiwa pamoja, hata kama mmoja yuko kwenye simu, na uanze kwa kutaja kikomo chako wewe. Ndiyo, nawe uwe nacho. Akaunti ni ya nyumba aliyoiacha baba yenu, ingawa jina ni lako. Sema mbele yao kwamba juu ya kiasi fulani hutanunua kitu kwa mtandao bila kuwaambia, na uwaoneshe taarifa ya akaunti kila mwisho wa mwezi.

Lakini kabla ya mkutano huo kuna simu moja. Ichukue ile karatasi ya benki, zizungushie kalamu zile tisa tatu, uipige picha, ufiche namba ya akaunti kwa kidole, umtumie dada yako. Usiandike kitu chini yake. Mpe dakika chache aitazame, kisha mpigie, na umwombe akupe binti yake uzungumze naye kwanza.